Paka Asiye na Mwenyewe

Mji wa Lamu una misimu miwili ya pepo, na paka wake huitambua kwa matumbo yao kama baharia aitambuavyo kwa tanga. Uvumapo upepo wa kaskazi, tangu mwezi wa Desemba hata Machi, bahari hutulia, mashua hurudi na tasi, changu na kolekole, wageni hujaa katika nyumba za kulala na mikahawa ya ukingo wa maji, na katika kila sahani iondolewayo mezani hapakosi mfupa uliosalia na nyama. Nao paka, katika mji huo ambamo gari ni nadra na punda ndiye mchukuzi, hunenepa, hung'aa manyoya na kuzaa. Kisha huja kusi. Mvua za masika hunyesha, bahari huchafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hushinda nchi kavu siku nyingi, hoteli kadhaa hufunga milango yake mwezi wa Mei na Juni, na wale wana waliozaliwa katika shibe ya Machi huachishwa ziwa wakati ule ule ambapo mapipa ni matupu na meza za samaki ni kavu.

Dhiki hii ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu aghalabu haionekani na mtu apitaye. Tangu Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hata kabla ya hapo, sifa za paka wake zimevuka bahari: mwaka 1998 Jack Couffer, mpiga picha za sinema kutoka Marekani, alitoa kitabu kizima juu yao, na wageni wengi hupenda kuwafananisha, kwa miguu yao mirefu, shingo zao nyembamba na masikio yao makubwa, na sanamu za paka za Misri ya kale. Sikatai kwamba ni wazuri. Lakini wembamba ule unaosifiwa katika picha, kwa wengi wao, ni njaa. Na anayetaka kujua tofauti baina ya umbo la nasaba na umbo la njaa na apitishe kiganja juu ya mgongo wa paka aliyelala barazani, ahisi kama vidole vyake vinapita juu ya nyama au juu ya pingili za uti wa mgongo.

Mtu akitaka kuyatazama haya kwa karibu, na asimame asubuhi penye meza ya saruji ambapo samaki huparwa magamba na kutolewa matumbo. Kwanza hufika madume makubwa, paka shume wenye mashavu mapana na masikio yaliyochanika kwa vita vya usiku, nao hukaa karibu kabisa na miguu ya mwenye kisu; nyuma yao hukaa majike; na nyuma ya wote, penye mfereji, hukaa wadogo wasiothubutu kusogea. Utumbo ukitupwa huliwa pale pale ulipoangukia, kwa ngurumo za koo na makofi ya makucha. Walakini yuko jike mmoja, mwenye chuchu zilizovimba na mbavu zinazohesabika, ambaye akijaliwa kupata kichwa cha tasi hakili. Hukiuma kwa upande, huwakwepa wenziwe, hupanda ukuta wa mawe ya matumbawe, na kutokomea ndani ya gofu la nyumba ambayo boriti za dari yake zimekwisha anguka zamani. Huko ana watoto. Atakwenda na kurudi mpaka meza ioshwe kwa maji, na yamkini yeye mwenyewe asipate siku hiyo ila magamba na maji ya damu.

Na watoto wale, licha ya taabu yote ya mama yao, wengi hawafiki umri wa kuzaa. Uchunguzi mmoja uliofanywa katika jimbo la North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwafuata watoto 169 wa paka wasio na wenyewe. Kabla ya kutimiza miezi 6, 127 kati yao walikuwa wamekufa au wametoweka. Kwetu mafua ya paka huwaziba macho kwa tongo mpaka mboni ikaharibika na mtoto akawa kipofu kabla ya kuujua mtaa wake. Kuna maradhi ya kuhara na kutapika yanayoenea upesi ambayo humaliza mzao mzima wa watoto kwa siku chache. Kuna upele unaoanza ukingoni mwa sikio na kutambaa usoni hata ngozi ikawa ngumu na kupasuka. Paka mweupe ana balaa lake peke yake: jua kali la pwani humchoma ncha za masikio na pua, pasipo na manyoya ya kutosha wala rangi ya kumkinga, na miaka ikipita kidonda kile kisichopona hugeuka kuwa saratani. Fauka ya hayo yako yanayotoka katika mikono ya adinasi, nayo ni maji ya moto yanayomwagwa kutoka dirishani, jiwe la mtoto ambaye hakuonywa, na nyama iliyotiwa sumu.

Sasa ni nani mwenye kuulizwa juu ya kiumbe huyu? Paka wa nyumbani ana bwana wake. Punda ana mwenyewe anayemlisha kwa kuwa anamtumikisha. Kuku ana mwenyewe anayemhesabu kila magharibi. Huyu wa mtaani hana. Kila mmoja wetu humpita akidhani kwamba yuko mwingine atakayemwangalia, na kwa dhana hiyo asiwepo hata mmoja. Dini ya watu wengi wa pwani hii ina hukumu iliyowekwa hasa kwa mambo ya namna hii, ambayo ni fardhi kifaya: wajibu ulio juu ya jamaa nzima, ambao wakiutimiza baadhi yao wote husalimika, na wasipoutimiza hata mmoja lawama huwa juu ya wote. Mimi si mufti, wala sidai kwamba maulamaa wamemwandika paka wa mtaa katika mlango huo kwa jina lake. Nasema kwamba mtaa unaojua kugawana kazi ya kuchimba kaburi na kumwosha maiti asiye na jamaa hauwezi kushindwa kugawana kazi ya kuwalinda paka wake, na kwamba haki ya huyu asiye na mwenyewe, kwa insafu, ni juu ya mtaa.

Wala ushahidi hauko mbali. Wamepokea Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhi. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea habari ya Kabsha binti Kaab, aliyemwona mkwewe, Abu Qatada, akimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akastaajabu. Akafahamishwa kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wanaozunguka miongoni mwa watu. Nayaona mafundisho mawili katika habari hizi, nalo moja hutajwa sana na jingine husahauliwa. Linalotajwa ni huruma. Linalosahauliwa ni kwamba mwanamke yule hakuulizwa kwa nini hakuwapenda paka. Aliulizwa juu ya paka aliyekuwa mikononi mwake, ambaye riziki yake aliiziba.

Nasi tunaiziba kwa njia nyingi. Methali yetu husema kwamba paka wa nyumba haingwa, na ni kweli kwamba watu wengi hawamfukuzi paka wao; lakini watoto wake je? Jike la nyumbani huzaa chini ya kitanda, wiki chache zikipita watoto hutiwa katika kapu au gunia, nao hubwagwa sokoni usiku, na mwenye kuwabwaga hurejea kwake na moyo mtulivu, akijiambia kwamba sokoni hapakosi chakula. Hajui kwamba sokoni kuna wenyeji tayari, wenye makucha, wasiomkaribisha mgeni. Paka walio wengi wa mtaani wana mama au nyanya aliyewahi kuwa wa nyumba ya mtu. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Askofu Edward Steere aliisikia Unguja akaichapisha mwaka 1870: paka wa Sultani alianza kwa kula ndama, watu wakaja kushitaki, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, paka akaendelea kupanda kutoka mnyama mdogo hata mkubwa, na jibu likawa lile lile, mpaka paka yule akawa Nunda mla watu. Wengi hudhani ngano ile inamlaumu paka. Mimi huiona inamlaumu Sultani, aliyependa kusema huyu ni wangu na hakupenda kusimamia lolote litokanalo na neno hilo.

Basi jambo la kwanza katika kuwasaidia paka wa mtaani, na lililo kubwa kupita yote, ni kupunguza kuzaliwa kwao. Mimba ya paka ni wiki 9 hivi. Jike huweza kuishika angali na miezi 5 au 6, hali mwenyewe hajamaliza kukua. Huzaa aghalabu watoto 4. Na huweza kushika mimba nyingine ilhali ananyonyesha. Tena uzazi wa paka hufuata urefu wa mchana. Katika nchi za mbali na ikweta, usiku urefukapo, majike hupumzika miezi kadhaa. Lakini Lamu iko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na mwili wa jike wa pwani yetu haupati kabisa ishara ya kupumzika. Ukimwona jike wa mtaani mwenye miaka 3 amekonda mithili ya ajuza, usidhani ni ugonjwa peke yake. Huenda tangu ujana wake hajawahi kukaa miezi michache mfululizo bila mimba wala ziwa.

Njia ya kupunguza ni kuhasi, na kumhasi paka ni kazi ndogo kwa daktari wa mifugo aliyeizoea. Paka hunaswa katika mtego wa kizimba, ambao mlango wake huanguka nyuma yake akifuata kipande cha samaki, hufunikwa kwa kitambaa ili atulie gizani, huchomwa nusukaputi, dume humalizwa kwa dakika chache, na jike hutolewa kizazi kwa kupasuliwa mahali pafupi kuliko kidole. Akiwa bado amelala huchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na ncha ya sikio moja, kwa kawaida la kushoto, hukatwa kwa mstari ulionyooka, kadiri ya sentimita 1, ili ajulikane kwa mbali kwamba ameshahudumiwa na asinaswe mara ya pili. Kisha, akishapata fahamu sawasawa na kidonda kikatazamwa, hurejeshwa pale pale alipotolewa. Sikio lile lililokatwa huwatia watu wengi uchungu, na wako wanaodhani ni ukatili wa vijana. Namwomba kila msomaji awafahamishe jirani zake maana yake.

Wako wazee wanaoona kuhasi ni kubadili maumbile, na hoja yao inastahili jibu la heshima. Maulamaa wamehitilafiana, wako walioruhusu pale penye maslaha na pasipo madhara kwa mnyama, hasa akiwa ni paka aliyezidi wingi na njia nyingine ni kumwua au kumwacha afe njaa. Mimi nikipima baina ya jeraha moja linalopona kwa siku chache na vifo vya watoto mimba baada ya mimba, siioni mizani ikiyumba.

Na wanaosema kwamba dawa ni kuwaua wote, hao wameshindwa na hesabu kabla ya kushindwa na huruma. Ukiwaondoa paka wa mtaa ukaliacha jaa mahali pake na meza ya samaki mahali pake, paka wa mtaa wa pili huhamia. Na wachache waliosalimika, wakiwa sasa na chakula kingi kwa vinywa vichache, huweza kulea watoto ambao zamani wangekufa. Baada ya muda idadi hurejea ilivyokuwa. Sumu nayo haichagui. Humwua kuku, humwua mbwa wa jirani, na hukaa vichochoroni ambamo watoto wetu hucheza. Paka waliohasiwa, kinyume chake, huishika nafasi yao. Madume hupunguza vita, vilio vya usiku na ule mkojo wenye harufu kali wanaoupiga kutani, na jirani aliyekuwa akilalamika hupata afueni bila tone la damu. Ila sharti kazi ifanywe mtaa kwa mtaa na kwa haraka, mpaka wengi wao wamalizike. Kumhasi mmoja hapa na mwingine kule, mwaka hadi mwaka, ni kuteka maji kwa tenga.

Chakula nacho kina elimu yake. Paka hana mwili wa kula nafaka: asipopata nyama au samaki hukosa kitu kiitwacho taurini, na akikikosa kwa muda mrefu macho yake hufifia hata akapofuka na moyo wake hudhoofika. Kwa hivyo wali uliobaki au ugali mtupu huyashibisha macho ya mwenye kutoa kuliko tumbo la mwenye kula. Changanya humo dagaa waliochemshwa, utumbo wa kuku uliopikwa, au mapande ya vichwa vya samaki. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Maziwa, ambayo kila mtu hudhani ndiyo hidaya ya paka, huwaharisha wakubwa walio wengi. Maji safi katika chombo kizito cha udongo, chini ya kivuli, ni sadaka bora kwake, hasa katika mji ambao visima vyake vingine vina chumvi. Toa chakula saa ile ile kila siku na uondoe masazo, jirani asipate sababu ya kulaumu, na paka wazoee mahali pamoja ambapo siku ya kunaswa watakuwa wamekusanyika wenyewe. Mwaka 2020, Kenya iliposimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 25 Machi hata tarehe 1 Agosti kwa sababu ya Korona, miji inayoishi kwa wageni ilijifunza ni hatari gani kwa mnyama kuiegemeza riziki yake yote kwenye sahani za mikahawa.

Juu ya watoto wa paka nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapa watu wema hukosea kwa wema wao. Ukiwakuta peke yao, usiwachukue papo hapo. Mama yao huenda yuko penye ile meza ya samaki. Kaa mbali, ngoja saa kadhaa, maana akikuona karibu hatarudi. Ikiwa ni hakika kwamba mama hana uhai, basi kwanza wape joto kabla ya chakula, kwa sababu mtoto wa paka katika wiki zake 3 za mwanzo hawezi kujitunzia joto, na mwenye baridi hawezi kusaga maziwa tumboni. Tia chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kwa kanga katika kapu lake. Maziwa maalumu ya paka yasipopatikana, ya mbuzi yatafaa kwa kushikilia siku kuliko ya ng'ombe. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mamaye, wala usimlaze chali, yasije yakaingia mapafuni. Kisha mfute chini ya tumbo kwa pamba yenye unyevu mpaka akojoe, maana bado hajui kukojoa bila kulambwa. Macho yaliyozibwa na tongo yalowanishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, usiyabandue kwa kucha, na umfikishe kwa tabibu siku ile ile. Tena ukitaka awe paka wa nyumbani, mzoeshe mikono ya watu kabla hajapita wiki 7 hivi. Akishapita huko mtaani, hofu hukaa ndani yake.

Dawa za binadamu mwiko. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumwua paka mzima, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja sumu yake. Na dawa za viroboto vya mbwa au kupe wa ng'ombe zenye pemethrini humtia degedege.

Anayewahudumia naye ajihifadhi. Aking'atwa au kuparuzwa na paka asiyemjua, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa, ijapokuwa jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huletwa mara nyingi mno na mbwa, lakini paka pia huweza kukichukua, na dalili zikishatokea hakuna dawa. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kuzoa kinyesi cha paka.

Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa, na polisi apewaye habari ana wajibu wa kuipokea. Lamu nayo ina bahati ambayo miji mingi ya pwani haina: punda wake wamekuwa na hospitali yao tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la hisani la Uingereza, na paka nao wamepata tabibu wa kuwahasi. Lakini Mombasa, Malindi, Tanga, Bagamoyo na Pemba hawana haja ya kungoja mfadhili. Nyumba 10 za mtaa mmoja zikichanga pamoja, zikamwendea daktari wa mifugo wa wilaya na kupatana naye siku moja ya kazi nzima badala ya paka mmoja mmoja, gharama kwa kila nyumba hupungua sana. Fundi wa vyuma aweza kutengeneza vizimba viwili vya kunasia vikatumiwa na mtaa mzima kwa zamu. Mwenye chumba cha uani kisichotumika akitoe kwa usiku ule wa kuwalaza majike waliopasuliwa. Muuza samaki atoe vichwa vya kunasia, na kijana mwenye mkono mzuri aandike daftari la nani kahasiwa, wa rangi gani, na karejeshwa kichochoro kipi. Wakati wa kuifanya kazi hiyo ni kabla ya masika, na wa kwanza kunaswa wawe majike.